Mlio wa Upande wa Pili

Harufu ya vumbi linaloungua hunirudisha mtaani Huruma hata leo. Kompyuta ya kazini ikipata joto na feni yake ikaanza kuvuma, wenzangu hulalamika. Mimi huwa sipo nao tena. Nipo ghorofa ya nne, kwenye chumba chetu chenye pazia katikati, na kaka yangu Wycliffe ameketi sakafuni mbele ya mashine yake ya gemu.

Aliinunua kuukuu, na kelele zake, jamani, zilikuwa balaa. Ilianza kwa mnong'ono, ikapanda, ikapanda, mpaka vikombe vikatetemeka kabatini. "Hicho kisiagi chako cha unga kitatufukuzisha hapa," Mama alikuwa akisema.

Kila alasiri Kevo wa mlango wa pili alikuja kucheza naye. Mama yake, aliyefua nguo za watu, tulitenganishwa naye na ukuta mwembamba hata tulijua anakaanga nini. Mara kwa mara aliugonga kwa mwiko. Nilidhani anatuambia tupunguze kelele.

Siku moja Mama aliumwa na kichwa. Wycliffe, kwa kumwonea huruma, akaifunika mashine kwa leso iliyokunjwa mara nyingi. Kelele ilipungua kweli, lakini mashine ilikosa hewa, na baada ya muda ikajizima, moto kama pasi.

"Wacha ipoe," Wycliffe akamwambia Kevo. "Twende tucheki watu huko chini."

Wakateremka. Milio ya risasi niliisikia nikichambua sukuma wiki. Kuhusu aliyezipiga, kila mtu alisema lake. Wycliffe alirudi peke yake, ndala moja ya Kevo mkononi.

Hakulia, hata mazishini. Tuliporudi kutoka kuzika, alichukua bisibisi akaifungua mashine. Akatoa vumbi zito kwa mswaki wa zamani, akapangusa kwa spiriti ile dawa ya kupitisha joto iliyokuwa imekauka juu ya chipu, akapaka mpya. Kisha akaiinua juu ya vifuniko vya soda ili ipumue chini. Alipoiwasha nilisogeza sikio, nisisikie kitu. Niliigusa, ilikuwa baridi. Mama akasema Mungu ambariki, angalau jirani yetu aliyefiwa atapumzika.

Haukupita muda, ukuta ukagongwa. Wycliffe akaondoa sauti ya televisheni. Ukagongwa tena. Akazima kila kitu. Ndipo Mama Kevo akaja mlangoni, mwiko bado mkononi.

"Mbona mmenyamaza hivyo?"

"Pole, mathe. Tulidhani tunakusumbua."

"Kunisumbua? Hiyo mashine ikilia nilikuwa najua Kevo yuko ndani, ikipungua kidogo nagonga. Siku ile iliponyamaza nikajua mmeteremka." Akaitazama pale juu ya vifuniko vyake. "Hebu iwashe, nisikie kidogo tu."

Wycliffe akaiwasha. Taa ndogo ikawaka. Tukangoja, Mama Kevo akiwa ameinamisha kichwa, na sauti haikuja.

"Niliitengeneza, mathe," kaka yangu akasema, na hapo ndipo alipolia.

Nilikuwa mdogo, nikadhani analia kwa kuwa kazi yake nzuri haikupata hata asante. Nilimkasirikia yule mama, nawaambia kweli. Mama yangu alinituliza kwa msemo wake wa siku zote, kwamba uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, nami nikauchukua kama maneno ya watu wazima tu.

Sasa nina mvulana wangu. Tunaishi Komarock, na mashine yake ni mpya, haina kelele hata kidogo. Nikiwa jikoni, ukimya wa chumbani kwake ukizidi, mkono wangu huenda wenyewe ukutani, ukagonga.

"Ni nini tena, mum?" huniuliza kwa hasira.

Namwambia hakuna kitu, acheze tu.