Mwisho wa Filamu ya Saa Tisa

Babu Mlango alikuwa amefanya kazi kwenye jumba la sinema miaka thelathini na moja, na hakuwahi kuona mwisho wa filamu hata moja.

Si kwamba hakutaka. Kazi yenyewe ndiyo iliyomnyima. Mlango wa kutokea ulikuwa wa mbao nzito, wenye makomeo mawili, moja juu na moja chini, na lile la chini lilikuwa kaidi. Dakika kumi kabla filamu haijaisha, ilimbidi atoke ukumbini, azunguke nyuma, apige goti na kuanza kulibembeleza. Likikubali, watu nao ndio hao wanatoka.

Mkewe alikuwa mfagiaji wa ukumbi huo huo. Yeye alikaa nyuma kabisa, ukutani, juu ya stuli ya miguu mitatu, ufagio mapajani, akingoja watu watoke apate kufagia. Kwa hiyo mwisho wa kila filamu aliuona yeye. Wakirudi nyumbani, akiwa anamenya viazi, alimsimulia mumewe.

"Uliishia wapi?" humuuliza.

"Binti yuko stesheni. Anangoja."

"Haya."

Kisu kinasimama kidogo. Kisha mwisho unakuja.

Mkewe alifariki. Miezi mitano sasa. Stuli ilibaki pale pale ukutani. Mfagiaji mpya hakai, yeye huja na mashine ya kufyonza vumbi, anapita nayo kama anayefukuzwa. Filamu zikaja, filamu zikaenda, zote hazina mwisho, na Babu Mlango hakujali. Ziishe zisiishe, shauri yake.

Mpaka ilipoletwa hii ya sasa.

Ilikuwa filamu ya kuchekesha, ya mapenzi ya siku hizi. Dada mmoja anaishi na bwana aliyeachana na mkewe. Huyo mke wa zamani hakwenda mbali, yuko ghorofa ya juu, kwa ajili ya mtoto wao. Anashuka kuazima chumvi. Anashuka kukagua madaftari ya mtoto. Naye ana mwanaume wake, na mwanaume huyo, kumbe, ndiye aliyewahi kumchumbia yule dada. Watu walicheka mpaka viti vikalia. Babu Mlango alisimama kando na tochi yake, akashindwa kujua nani ni nani wa nani.

Angeiacha ipite kama zile nyingine. Lakini Jumatatu binti yake alimpigia simu. Ndiye mtoto pekee aliyekuwa naye, alikuwa akiuza miwani upande wa pili wa mji.

"Baba, Jumapili uje kula kwangu. Tutakuwa wote."

"Wote nani?"

"Mimi, mwenzangu, mtoto wake na mama wa mtoto."

Babu Mlango akahamisha simu kutoka sikio la kulia kwenda la kushoto.

"Mama wa mtoto anakuja kufanya nini?"

"Kula, baba."

"Kwao hakuna chakula?"

Binti hakucheka. "Huu ni mwaliko wa nne. Mara ya kwanza mguu, mara ya pili mvua, mara ya tatu hukusema kitu. Mama alikuwa anakuja, unajua."

Alikuwa hajui.

"Kaione hiyo filamu mnayoonyesha hapo kwenu," binti akasema. "Ndivyo tulivyo sisi. Ukishaiona, ukiona huwezi, basi. Sitakusumbua tena."

Maneno hayo ya mwisho aliyasema taratibu, bila hasira, na ndiyo maana yalimkaa kichwani wiki nzima. Akitaka kumjibu, sharti ajue wale watu waliishia wapi. Walipatana? Walifukuzana? Mtu wa kumwambia hakuwapo.

Basi Jumanne, onyesho la saa tisa lilipokwisha, alisimama kwenye mlango wake akawauliza waliokuwa wanatoka.

Wa kwanza alikuwa bwana mwenye tai. "Imeishaje, mwanangu?"

"Upuuzi mtupu, mzee. Mtu na mke aliyemwacha wanachangia sufuria. Nyumba gani hiyo?"

"Sawa. Lakini imeishaje?"

"Imeisha vibaya." Akaenda zake.

Akaja mama mwenye kikapu, macho mekundu. "Mimi nimelia, babu. Nimecheka, halafu nimelia, na sijui nimelia nini."

"Waliachana?"

"Nani na nani?"

Babu Mlango akaanza kuhesabu kwa vidole, akaacha.

Wakafuata wapenzi wawili, wameachana hatua tatu, wamenuniana.

"Yule mwanamke aliondoka," msichana akasema. "Ana akili zake. Mimi pia ningeondoka."

"Hakuondoka," mvulana akasema. "Wewe ulikuwa unatazama simu."

"Aliondoka. Ulimwona amekaa?"

"Ulimwona ameondoka?"

Wakatoka na ugomvi wao mpaka barabarani.

Jumatano akauliza tena, Alhamisi akauliza tena. Muuguzi aliyetoka zamu alisema imeisha vizuri, tena kuliko alivyotegemea. Mzee mwenzake mwenye mkongojo alisema haikuisha, umeme ulikatika. Meneja, akipita na funguo zake, akamtania: "Babu, siku hizi umekuwa mtu wa utafiti? Si uko humu humu siku nzima?"

"Mimi ni wa mlango," akasema.

Ijumaa akapanda ngazi hadi kwenye chumba cha mashine. Fundi wa mashine alikuwa mtu mnene, mpole, aliyeona kila kitu kupitia kidirisha kidogo kama uso wa sahani. Walikuwa wameanza kazi mwaka mmoja.

"Fundi, hebu niambie. Imeishaje?"

"Ah. Ile haielezeki. Ya kuona mwenyewe."

"Marehemu angenieleza vizuri," Babu Mlango akasema. "Kama ile ya mwalimu aliyerudi na treni, koti la kijivu, maua mkononi. Alivyonieleza, nikawa kama nimeiona."

Fundi akageuka polepole. "Mwalimu yupi?"

"Yule wa vitani. Mchumba wake anangoja stesheni."

"Babu, yule hakurudi. Treni iliingia tupu."

"Alirudi. Na maua."

"Ile niliionyesha mara ishirini na nne. Tupu."

Babu Mlango akafikiri. "Na yule mwizi wa farasi? Aliyesamehewa na hakimu?"

Fundi akashusha macho kwenye mashine yake. "Walimnyonga," akasema, kwa sauti ya mtu anayetoa pole.

Akashuka. Ngazi zilikuwa kumi na nane, alikaa kwenye ya tisa. Akakumbuka kile kisu. Miaka yote alidhani kilikuwa kinasimama kwa sababu mkewe anavuta kumbukumbu. Kumbe alikuwa anatunga. Na siku ambazo kisu hakikusimama? Hizo zilikuwa za kweli? Zilikuwa ngapi? Alijaribu kuzikusanya, zikamponyoka. Kitu kikampanda kifuani, akadhani ni kilio, kilipotoka kikawa kicheko, tena cha sauti, hadi muuza bisi aliyekuwa pale chini akainua kichwa.

"Kuna nini, babu?"

"Nimedanganywa miaka thelathini."

"Na unacheka?"

"Njoo hapa. Unajua kufungua komeo kaidi?"

Jumamosi, saa tisa, muuza bisi alipewa mlango. Alifundishwa mara tatu: inua kwanza, sukuma kidogo ndani, ndipo uvute. Babu Mlango akazima tochi, akaenda nyuma ukumbini, akakalia stuli ya mkewe. Ilikuwa fupi kuliko alivyodhani. Kumbe pale nyuma sakafu imeinuka, vichwa vya watu havizibi kitu, unaona skrini nzima.

Dakika kumi za mwisho magoti yake yaliinuka yenyewe, kwa mazoea. Akayakalisha.

Basi ikawa hivi. Meza imeandaliwa. Viti vinne. Wamekaa yule dada, bwana, mtoto, na yule mwanaume wa kule juu. Mlango unafunguka, mke wa zamani ameshuka na bakuli la moto, amelishika kwa kitambaa. Anatazama meza. Viti vimejaa. Wote wanamtazama. Mtoto anatafuna. Hakuna anayesema neno, na bakuli linamchoma, unaona anavyobadilisha vidole. Picha ikazimika hapo. Majina yakaanza kupanda.

Ukumbi ukavuma. Wengine walicheka, wengine walisonya. Halafu wote wakaenda kukwama mlangoni, maana muuza bisi alikuwa bado anapigana na komeo la chini.

"Fungueni, tusije tukalala humu," mtu akasema.

Babu Mlango akapenya katikati yao, akapiga goti, akainua, akasukuma, akavuta. Mwanga ukaingia. Bwana mwenye tai alikuwa amerudi kuiona mara ya pili, upuuzi wake na yote, na safari hii amekuja na mkewe.

"Haya mzee, uliniuliza sana. Wewe umeionaje?"

Babu Mlango akafuta magoti. "Viti havikutosha," akasema.

Wakacheka. Yeye hakuwa anatania. Akaenda kwa meneja, akaomba stuli. Meneja akamwambia achukue, ni mali yake tangu lini sijui.

Akampigia binti. "Kesho saa ngapi?"

"Saba," binti akasema. "Saa saba, baba."

Jumapili akafika na stuli kwapani, shati limepigwa pasi upande wa mbele tu. Binti akafungua, akaitazama ile stuli, akaitambua.

"Mna viti vingapi?" Babu Mlango akamuuliza.

"Vinne."

"Basi."

Bwana wa binti alikuwa mrefu, mwoga kidogo, alimpokea mikono miwili. Mama wa mtoto alikuwa jikoni, mikono ina unga hadi kwenye viwiko. Babu Mlango alikuwa amejitayarisha kwa mtu wa ajabu. Alikuta mtu amechoka na kazi za wiki, anatafuta kifuniko cha sufuria.

"Shikamoo baba," akasema. "Hapo kwenye stuli nitakaa mimi. Wewe kaa kitini, mgongo usikuume."

"Marahaba. Hapana. Ile ni ya kwetu, naijua."

Chakula hakikuwa tayari. Wakampa kisu na beseni la viazi, maana aliomba kazi. Mtoto, msichana wa miaka saba, akaja kuchuchumaa mbele yake.

"Babu, wewe ndiye unafanya kazi kwenye sinema?"

"Ndiye."

"Mimi hawakuniruhusu kuingia. Mama anasema yule mama mwenye bakuli aliondoka. Baba anasema alikaa. Huyu," akamwonyesha binti kwa kidevu, "anasema hajui."

Maji yalikuwa yanachemka. Watu wazima watatu wakajifanya wana shughuli.

"Babu, iliishaje?"

Babu Mlango akatazama kiazi. Kisu kikasimama kidogo.

"Alikaa," akasema. "Mtoto alishuka kitini, akamletea stuli."