Mtunza Maganda

Kazini, kwenye maabara ya virusi, walimwita Mkunga, na jina likamkaa. Kila asubuhi, kabla hajabadili viatu vya njiani avae vile vya plastiki, alikwenda kwanza kwenye kabati la joto kuwachungulia aliowaita wanawe: seli zilizolala ndani ya chupa bapa, zimeshikana chini kama mawe ya sakafu. Alizinywesha maji yao ya rangi ya waridi, akafuta chupa kwa spiriti, akazisemesha maneno mawili matatu. Zikishanawiri alizitilia virusi vya herpesi, akaziacha zife.

"Mkunga gani huyu," Profesa alimtania, "anayelea ili aue."

"Si wewe unayeagiza? Mimi ni mkono tu."

Profesa alikuwa mwanamke mfupi, mwenye haraka, na haraka yake yote ilikuwa juu ya jambo moja: kujua jinsi kirusi kinavyojijengea ganda. Maana kirusi hakina mikono wala fundi. Kikiingia ndani ya seli huilazimisha itengeneze protini zake, na protini hizo zikikutana kwenye kiini cha seli hujipanga zenyewe. Huanzia kwenye mlango mmoja mdogo. Kutoka hapo zile kubwa hushikana tano tano kwenye pembe na sita sita kwenye kuta, na nyingine ndogo zinajibana katikati yao kama misumari. Ndani husimama kiunzi cha protini nyingine tena, mfano wa mbao wanazosimamisha waashi wakijenga kuba. Ganda huanza likiwa la mviringo, legelege. Kisha kuna protini iliyo kama mkasi. Hiyo hukikata kiunzi, vipande vikatoka, ganda likakakamaa na kupata pembe zake, na uzi wa vinasaba ukasukumwa ndani kupitia ule mlango. Profesa alitaka kupata kitu cha kuuziba mkasi huo. Ganda lisipojaa, ugonjwa hautoki kwenda popote.

Kazi ya Mkunga ilikuwa kuyatenga maganda. Alipasua seli, akamimina mchuzi wake juu ya maji ya sukari ndani ya kineli kirefu, kichupa chembamba kama kidole, akauweka kwenye mashine inayozunguka kwa kasi. Ikisimama alikishika kineli mbele ya taa, na hapo palionekana mistari ya weupe hafifu, kama pumzi kwenye kioo: chini maganda yaliyojaa, katikati yenye kiunzi, juu kabisa matupu. Matupu nayo yalikuwa yamekamilika kila pembe. Yalikosa tu cha kubeba.

Nyumbani aliishi na mama yake na mdogo wake wa kiume, fundi wa kushona mipira ya miguu. Zamani, alipoajiriwa tu, alimweleza kazi yake huku mdogo wake akiwa amebana vipande vya ngozi vya pembe tano na sita kwa magoti, sindano mbili mkononi, uzi umepakwa nta.

"Tano tano na sita sita," mdogo wake alirudia. "Kwa hiyo dada, mmekaa shule miaka yote hiyo mkasomea mpira."

"Ndiyo hivyo."

"Na kibofu kinaingilia wapi?"

"Kwenye ule mlango."

"Na hakuna anayewasimamia?"

"Hakuna."

"Basi wana akili kuliko tajiri wangu."

Miaka kadhaa baadaye virusi hivyo hivyo, vinavyolala kwenye mishipa ya fahamu ya watu wengi tangu utotoni na kuwatoa vidonda vya mdomo wakishikwa na homa, kwa mdogo wake vilipanda hadi kwenye ubongo. Kwa nini yeye, hakuna daktari aliyeweza kusema. Alianza kusikia harufu ya kitu kinachoungua, kumbe jiko limezimwa. Akaita birika kwa jina la shangazi yao. Hospitali walimtundikia dawa, akapona. Alipona kama nyumba inavyopona moto: kuta zimesimama. Ya zamani aliyajua yote, hata nani alimpiga nani shule ya msingi. Mapya hayakukaa. Ukimwambia jambo alilielewa, akalijibu, na kikombe cha chai kilipokwisha nalo lilikuwa limekwisha.

Mama mdogo, ndugu wa mama yao, hakuficha mawazo yake. "Umewatoa wadudu wako huko kazini ukatuletea kwenye vikombe," alimwambia Mkunga mbele ya watu.

Mama yao ndiye aliyemnyamazisha. "Mwanangu anatoka vidonda vya mdomo tangu hajaota meno. Huyu dada yake wakati huo alikuwa hajui hata kuandika jina lake. Mwache."

Mikono ya yule kijana haikusahau ufundi. Mama alimwekea vipande mbele, naye akashona kutwa, mshono umenyooka kama wa zamani. Ila mara nyingine aliufunga mpira bila kutia kibofu, kwa kuwa aliamini ameshakitia. Mama aliikusanya mipira hiyo mitupu bila kumwonyesha, akaifumua mshono wa mwisho, akairudisha kesho yake kama kazi mpya.

Kisha mama akafa, kwa presha, akianika nguo.

Mdogo mtu alibeba jeneza. Alilia, alitupa udongo, alipokea pole za watu kwa adabu. Asubuhi iliyofuata alitoka chumbani akijinyoosha. "Dada, mama yuko wapi?"

Mkunga alimwambia. Kijana alikaa chini sakafuni pale pale, akalia kilio cha mtu anayesikia kwa mara ya kwanza, na kweli ilikuwa mara ya kwanza. Mkunga alikaa karibu yake, akamshika shingo, wakalia pamoja. Halafu mdogo wake akaenda kunawa uso, akarudi akijitazama kwenye kioo. "Macho haya nimefanya nini? Mama yuko wapi anitazame?"

Ikawa hivyo siku baada ya siku. Mama mdogo alipokuja kuwatazama akayaona kwa macho yake, akamvuta Mkunga hadi jikoni.

"Unamfisha dada yangu kila siku mbele ya mtoto wake. Una roho gani wewe?"

"Nimdanganye? Ni mama yake."

"Sema kasafiri. Sema kaja kwangu. Uongo wa namna hiyo hata Mungu hauhesabu."

"Ana haki ya kujua, mama mdogo."

"Haki ya nani? Yake, au yako?"

Mkunga aligeukia masufuria. Jibu alikuwa nalo, lakini halikuwa la kusemwa. Watu wa pole walikuwa wamesharudi makwao. Kazini walimwambia jipe moyo, kisha wakamwuliza kama chupa za Jumatatu ziko tayari. Duniani alibaki mtu mmoja tu aliyekulia kwa mama yule yule, kwenye kitanda kile kile, na kila alipomwambia habari ile alimpata kwa muda mfupi. Kwa muda huo walikuwa wafiwa wawili. Kisha mwenzake aliondoka, akamwacha peke yake. Naye kesho yake akamwita tena.

Alijipa moyo kwamba kijana hapotezi kitu. Anaumia, anasahau, yamekwisha.

Jioni moja alirudi akamkuta amesimama mbele ya mlango wa chumba cha mama, mkono kwenye kitasa. Hakuwa anafungua. Shati lilikuwa limelowa mgongoni.

"Una nini?"

"Sijui. Nilitaka kumwomba mama mkasi." Alicheka kidogo, kwa aibu. "Nikishika hiki kitasa tumbo linanikata. Mama yuko ndani?"

Mkunga alimtazama, akamwona jinsi alivyokonda. Mashavu yalikuwa yameingia, na kwenye meza mpira ulikuwa haujaongezwa hata kipande tangu juzi. Habari haikukaa kichwani mwake. Lakini kilio kilikaa, mahali fulani, kimoja juu ya kingine, bila jina na bila mtu wa kukielezea, na yeye dada ndiye aliyekuwa akikirundika.

"Mama hayupo," alisema. "Amekwenda kwa mama mdogo. Atakaa siku mbili tatu."

"Ahaa." Mkono uliachia kitasa. "Si angeaga?"

"Aliaga. Ulikuwa umelala."

"Mama huyo. Anakwenda kunenepeshana na mdogo wake."

Alirudi mezani akiburuta ndala, akashika sindano. Mkunga aliinama kuwasha jiko, na kiberiti kikamshinda. Alijaribu kujizuia, mabega yakamsaliti.

"Dada. Unalia?"

"Nimefiwa."

"Nani tena?"

"Mtu wa kazini. Mama mmoja, mtu mzima."

Mdogo wake aliweka kazi chini, akasogeza kigoda hadi magoti yao yakagusana. "Pole. Mlikuwa mmezoeana?"

"Sana."

"Alikuwa mtu wa namna gani?"

Mkunga alifikiri pa kuanzia. "Akipiga pasi alikuwa anaimba. Na hakuna wimbo hata mmoja aliousikia vizuri. Maneno anayatunga mwenyewe, sauti inapanda mahali isipopanda."

"Hebu."

Alimwimbia kidogo, kwa sauti iliyokwaruza, na kijana akadakia hapo hapo sauti ilipokosea, akaipandisha palipo pabaya bila kubahatisha. Wote wawili wakacheka.

"Huyo ni mama mtupu," alisema.

"Walifanana."

"Mama akirudi mweleze. Atasikitika."

"Nitamweleza."

Alimpangusa dada yake shavu kwa kiganja chenye nta, akanyanyuka kwenda kuchota maji ya chai. Bomba la nje lilisikika likikohoa, ndoo ikajaa taratibu. Aliporudi aliitua ndoo, akamwangalia Mkunga kwa mshangao, tena kwa upole.

"Mbona macho mekundu hivyo, dada? Kuna nini?"

Mkunga alikivuta kigoda.

"Nimefiwa na mtu wa kazini," alisema. "Kaa nikusimulie."