Spika Niliyoichagua kwa Uzito Wake

Siku ile niliyotoka mjini nimekumbatia spika kifuani kama mtu aliyebeba mtoto mchanga, naikumbuka kuliko siku nyingi zilizonipa heshima. Juzi, mwanangu, ulinitumia picha mbili za spika kwenye simu. Ukaniuliza ni ipi inayofaa kuwekwa kwenye amplifaya yako ya gitaa, kwa sababu ile ya zamani imepasuka, na wewe unapiga jazz kila Ijumaa kule Westlands mbele ya watu wanaokula. Nilichelewa kukujibu. Hukuniudhi. Ni kwamba swali lako lilinikuta mahali ambapo sijapalilia kwa miaka mingi.

Ukiona nazunguka, nivumilie. Mzee akishika njia ndefu, huenda kuna kitu anachokiogopa kwenye ile fupi.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne, nimemaliza kidato cha nne, nimeajiriwa karani katika ofisi moja katikati ya jiji. Kwetu ni Kinoo, na baba alikuwa na vyumba vya kupangisha nyuma ya nyumba. Katika chumba cha mwisho, karibu na banda la ng'ombe, aliishi Mzee Kisia, mtu wa Maragoli. Jumatatu hadi Jumamosi alitunza bustani katika nyumba moja kubwa kule Kitisuru. Jumapili mchana alivaa koti lake la kahawia akaenda Westlands kupiga gitaa katika hoteli ndogo, watu wakila. Jazz alijifunzia kazini. Mwajiri wake wa kwanza hapo alikuwa akicheza santuri sebuleni, naye Kisia akipogoa maua chini ya dirisha, kichaka kimoja kwa saa nzima. Mwajiri huyo aliporudi kwao ng'ambo, alimwachia gitaa na amplifaya ndogo ya mbao, haizidi ukubwa wa sanduku la mwanafunzi wa bweni.

Mimi ndiye niliyempigia gitaa la pili. Alinifundisha jioni, miguu yake ikiwa bado na matope ya Kitisuru.

Sauti yake sijui niielezeje. Haikuwa kubwa. Mgeni akigonga kijiko kwenye kikombe, ungekisikia kijiko, na gitaa ungelisikia pia, kila kimoja mahali pake. Ilikuwa kama mtu mwenye busara anayezungumza nawe mezani, haoni haja ya kupaza. Watu waliacha kutafuna. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na mimi kimya hicho nilikiona kwa macho kila Jumapili.

Kisha panya akaingia ndani ya amplifaya kwa nyuma, akatafuna karatasi ya spika.

Tulipoiwasha ilikwaruza kama mtu anayeburuta kiti. Mzee Kisia akaifungua, akaitazama, akacheka kidogo. "Huyu panya naye ni mwanamuziki," akasema. "Amechagua pale pa katikati." Kisha akaniambia, "Karanja, Jumamosi natoka kazini saa saba. Tutaenda mjini pamoja tutafute nyingine. Tutabeba gitaa na hii amplifaya. Spika hainunuliwi kwa macho. Unaipigia polepole, kama unaongea na mgonjwa. Ikikujibu, ni yako."

Nikamwambia ni sawa, mzee.

Lakini moyoni nilikuwa nimekwisha kukataa. Nilijiona nikipita mtaa wa Luthuli, ambako marafiki zangu wa ofisini hupita, niko na mzee mwenye viatu vya mpira, tumebeba amplifaya kama watu wanaohama. Tena nilijua atakaa dukani saa mbili akipiga noti tatu, na muuzaji atatutazama. Mwanangu, aibu ya kijana ni kitu kidogo sana, lakini hupenya kama sindano. Siku ya Ijumaa, wakati wa chakula cha mchana, nikaenda peke yangu. Sikubeba gitaa. Nilibeba ile spika mbovu ndani ya mfuko, ili nilinganishe matundu ya skrubu.

Muuzaji alikuwa kijana wa rika langu, mwenye maneno. Akaweka spika mbili juu ya kaunta.

"Shika hii," akasema. Nikashika. "Sasa shika hii ingine. Umesikia tofauti?"

Ya pili ilinivuta mikono chini. Sumaku yake ilikuwa nene kama sufuria.

"Hiyo sasa ndiyo spika," akasema. "Spika ni sumaku. Hiyo nyepesi ni ya redio ya cucu yako, yule bibi wa kijijini, anasikilizia matangazo ya vifo."

Nikacheka, nikataka nionekane najua. Nikamwomba aijaribu. Akaiunganisha na redio ya kaseti, akaweka muziki wa disko, na kioo cha kaunta kikatetemeka mpaka betri za tochi zikaanguka. Mtu aliyekuwa akipita mlangoni akasimama kutazama. Nilimlipa hapo hapo, kutoka mshahara wangu, nikajisifu moyoni kwamba namletea mzee zawadi. Ile mbovu nikaiacha kwenye pipa mlangoni. Ile nyepesi ilibaki juu ya kaunta, na vumbi lake, na karatasi yake nyembamba kama ganda la kitunguu.

Nilipofika Kinoo, Mzee Kisia aliitazama kwa muda. Akaipima mkononi. "Ni nzito," akasema.

"Ndiyo bora, mzee. Nimekununulia."

Akanitazama tena. Ungemjua, ungejua kwamba hakuwa mtu wa kulalamikia kitu alichopewa. Kwao, mkono uliopewa haukosoi. "Asante, mwanangu," akasema. "Umetoa jasho lako."

Jumapili tukaenda hotelini. Alipopiga noti ya kwanza kwa ule upole wake, haikutoka. Yaani ilitoka, lakini ilikuwa kama mtu anayesema amefunga meno. Akaongeza sauti. Ikatoka yote kwa mara moja, kali, na mhudumu akaja akainama: "Mzee, wageni wa ile meza wanaomba upunguze kidogo." Akapunguza, ikafa tena. Akaanza kupiga kwa nguvu, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya, na uzi ukakatika. Watu wakaendelea kutafuna.

Nilimwona akigeuza viganja vyake, akivitazama chini ya meza. Vilikuwa na sugu za jembe na mikwaruzo ya miiba ya waridi.

Tulipokuwa tukirudi kwa miguu kutoka kituoni, akasema, "Karanja, nadhani jembe limenimaliza vidole. Nasikia ninachotaka kupiga, lakini mikono haifiki."

Mwanangu, hapa ndipo ninapotaka usome polepole. Nilikuwa nimeshaanza kujua. Si kujua kabisa, lakini ile shaka ilikuwa imeketi kifuani. Ningesema, "Mzee, huenda ni spika. Nilikwenda bila wewe, nikaichagua kwa kuinua." Maneno hayo hayajazi hata sekunde kumi. Badala yake nikasema, "Ni uchovu tu, mzee. Utapumzika."

Juma lililofuata nikampelekea amplifaya Fundi Mutiso, aliyekuwa na kibanda kando ya barabara kuu, akitengeneza redio na pasi. Akafungua nyuma, akatikisa kichwa.

"Nani alichagua hii?"

"Ni... ilichaguliwa mjini."

"Hii ni ya disko. Hii amplifaya ni punda, na nyinyi mmeifungia lori. Haiwezi kuisukuma mpaka uipige kiboko, na ukiipiga kiboko inapiga kelele. Mzee anataka spika nyepesi, karatasi laini, sumaku ndogo. Ile ya zamani iko wapi? Ningeivalisha karatasi nyingine."

"Ilitupwa."

Akanitazama juu ya miwani. "Basi mwambie mzee, mtafute nyepesi."

"Nitamwambia."

Sikumwambia. Nilijiambia kwamba mchagua jembe si mkulima, kwamba fundi wa kweli hupiga chombo chochote. Methali nazo huibwa, mwanangu. Mtu mwenye kosa huchukua ile inayomfaa akaivaa kama koti la mwenziwe. Kila nilipopita Luthuli nilivuka barabara nisilione lile duka. Na kila Jumapili nilimtazama Mzee Kisia akipigana na mikono yake mwenyewe, akiisugua kwa mafuta ya taa asubuhi, akiikunja na kuikunjua chini ya meza.

Hakumaliza miezi mitatu. Siku moja alinigongea mlango akiwa na gitaa mkononi. "Chukua," akasema. "Na amplifaya pia. Mikono yako bado mibichi. Mimi narudi nyumbani nikalime, kazi ambayo mikono hii bado inaijua." Nami nikapokea. Nilipokea kwa mikono miwili, kwa adabu, kama nilivyofunzwa.

Sikupiga. Niliviweka juu ya kabati, nikavifunika gunia, na kila nilipofungua kabati nilitazama chini.

Miaka kumi na mmoja ilipita hivyo. Nikaoa, nikapandishwa cheo, nikawa mzee wa kanisa. Ndipo vibanda vya kando ya barabara vilipobomolewa ili ipanuliwe, na Fundi Mutiso akaja kwangu na mzigo wa vitu alivyookoa. Akatoa spika moja nyepesi, ya zamani.

"Nilikuwa nimekuwekea hii," akasema. "Yule mzee, ulimwambia?"

"Sikumwambia."

Nilingoja anitukane, na ingekuwa nafuu. "Lete skrubudreva," akasema.

Tukaifunga pale pale mezani kwangu. Nilipiga noti moja tu, polepole, kama unavyoongea na mgonjwa. Ile sauti ikatoka. Sauti ya Jumapili, nzima, haikuzeeka hata siku moja. Mke wangu akaja kutoka jikoni na unga mikononi akauliza, "Kwani ni nani huyo?"

Wiki hiyo hiyo nikapanda basi la Maragoli, gitaa begani na amplifaya mapajani. Nilimkuta Mzee Kisia nje ya duka la binti yake Rasoa, akipukuchua mahindi. Alinijua kabla sijasema. Baada ya salamu na chai, nilimwambia yote: duka, sumaku, aibu yangu juu ya viatu vyake, maneno ya fundi. Sikuacha kitu. Rasoa alikuwa amesimama mlangoni akisikiliza, na uso wake sitausahau.

Mzee aliniashiria niiwashe amplifaya dukani. Nikapiga wimbo aliokuwa akifungua nao. Akafumba macho mpaka mwisho. Kisha akanyoosha mkono, akachukua gitaa, akajaribu kushika ile nafasi ya kwanza, ambayo zamani aliishika akizungumza na watu. Vidole havikufunguka. Vilikuwa vimekaa miaka kumi na mmoja bila kuombwa. Sasa vilikuwa vimekufa kweli.

Akalirudisha gitaa mikononi mwangu. Akaweka viganja vyake magotini, akavitazama.

"Karanja," akasema, "hukukosea dukani. Dukani kila mtu hukosea. Ulikosea pale njiani, nilipokuambia mikono yangu imekwisha, nawe ukanyamaza." Akavigeuza viganja. "Unajua, nimeilaumu hii mikono miaka yote hii. Imenilimia, imenijengea nyumba, imemzika mke wangu. Sikuwahi kuishukuru hata mara moja. Nilikuwa nimeikasirikia."

Akasugua mkono mmoja kwa mwingine, taratibu, kama mtu anayeomba radhi. Kisha akaendelea kupukuchua mahindi.

Alinisamehe? Alinisindikiza mpaka stendi, na alinipa debe la mahindi nimpelekee mke wangu. Hakusema neno hilo, nami sikuwa na haki ya kulidai. Gitaa alikataa kulipokea. Ndilo hilo unalopiga wewe.

Sasa nikujibu ulichouliza. Kati ya zile picha mbili, sitakuchagulia. Beba gitaa lako na amplifaya yako, nenda nazo dukani hata watu wakutazame. Usiruhusu wakuwekee muziki wao. Piga wako, tena kwa sauti ndogo, kwa maana spika ya jazz hujulikana inaponong'ona. Tazama ile namba ya omu, kipimo cha ukinzani wa umeme, nyuma yake ilingane na ya amplifaya. Usidanganywe na uzito wa sumaku wala na kioo kinachotetemeka. Debe tupu nalo haliachi kuvuma. Na ile iliyopasuka usiitupe kabla fundi hajaiona. Ukiwa unamnunulia mtu mwingine, nenda naye, hata kama viatu vyake ni vya mpira.

Hayo ni ya spika. La kwangu ni hili: ukikosea, na ukamwona mwenzako ameanza kujilaumu kwa kosa lako, sema. Sema siku hiyo hiyo, mkiwa bado njiani, kabla hamjafika nyumbani. Kosa langu la Ijumaa lingerekebishwa Jumatatu kwa skrubu nne. Ukimya wangu haukupata fundi. Majuto ni mjukuu, nami nimemlea mjukuu huyo mpaka ameota mvi.

Mungu akupe sikio linalosikia kidogo kilichopo, na ulimi mwepesi wa kukiri. Akulindie vidole hivyo mpaka uzeeni. Na mikono ya mtu yeyote isihukumiwe, kwa sababu yako, kwa jambo ambalo haikulitenda. Nenda na baraka zangu, mwanangu, na Ijumaa ukipiga noti ya kwanza, ipige polepole.