Sauti ya Mwalimu na Jaribio Ambalo Halikufanywa

Mtaani walimwita Mbichi, na jina hilo alijitakia mwenyewe. Kila programu mpya ya kompyuta ikitajwa mbele yake, swali lake lilikuwa lile lile: "Mbichi ipo?" Alitaka kujua kama walioiandika wameyaacha wazi maandishi yake ya chanzo, ili mtu ayachukue na kuijenga mwenyewe ndani ya mashine yake. Programu iliyojengwa tayari na wengine aliiona kama chakula cha kununua njiani: huenda ni kitamu, lakini umekiona kikipikwa?

Wenzake walimcheka mpaka wakachoka. Kitu ambacho wewe na mimi tunakipata kwa kubonyeza mara moja, yeye alikikalia kutwa nzima, laptopu inaunguruma, maandishi yanateremka kwenye skrini. Mara kimekosekana kipande fulani. Akikileta hicho, nacho kinadai kingine. Ukimshauri achukue iliyo tayari, anakutazama kana kwamba umemtukania mama.

Lakini haki yake tumpe: kichwa kigumu alikuwa nacho, ujinga hapana. Alijua kwamba aliyejenga nyumba haoni ufa wake. Ndiyo maana alikuwa na Pacha.

Pacha na yeye hawakuzaliwa tumbo moja. Walikutana chuoni, wakashibana, wakafungua karakana ya kompyuta katika chumba kimoja juu ya duka la vitambaa, meza mbili zikitazamana, na katikati ndoo iliyojaa kibodi zilizong'oka meno. Humo walikuwa na sheria yao: mikono iliyojenga haijaribu. Mbichi akimaliza kujenga, anainuka, na Pacha anakuja kukaa kwenye kiti kile kile. Programu hizi huja na majaribio yake, yameandikwa na wenyewe waliozitunga. Kazi ya Pacha ilikuwa kuyaendesha yote, kisha kutamka neno moja: "Safi." Kabla ya neno hilo hakuna kilichosimikwa kwenye mashine ya mteja. Miaka yote hiyo Mbichi hakuwahi kuinama kuchungulia skrini baada ya kulisikia. Achungulie ili iweje? Utamchunguliaje mtu mnayekula naye sahani moja?

Basi, Mbichi alikuwa na dada yake mkubwa, mwalimu, aliyemlea tangu mama yao alipofariki. Maradhi ya koo yalimpata huyu dada. Madaktari wakamwokoa maisha, ila sauti wakaiondoa pamoja na ugonjwa. Mwalimu bila sauti, jamani! Mkuu wa shule, kwa upole tu, akamwambia kuna nafasi katika stoo ya vitabu. Dada akakataa katakata. Darasa ndilo lilikuwa maisha yake.

Programu za kuifanya kompyuta isome kwa sauti kile unachoandika zipo tele, lakini zinasema kwa sauti za watu baki. Dada alitaka yake. Kabla ya upasuaji alikuwa amejirekodi akifundisha, masomo mengi, kwa ajili ya wanafunzi waliolazwa hospitali. Na Mbichi akagundua programu inayoweza kujifunza sauti ya mtu kutoka kwenye rekodi kama hizo. Ilipatikana kwa chanzo tu. Furaha aliyokuwa nayo siku hiyo, ungedhani ameoa.

Mkuu wa shule akakubali kumpa Dada somo moja mbele ya kamati. Likienda vizuri, darasa ni lake. Likiharibika, stoo.

Mbichi akajenga. Laptopu ya Dada ilikuwa kuukuu, sauti ikawa inajikokota kama mtu anayepanda ngazi na mzigo. Kwa hiyo akaijenga upya, safari hii akiiamuru mashine ikate kila kona inayokatika ili programu iwe nyepesi na ya kasi. Haraka haraka, mengine mnayajua. Yeye hakuwa na wasiwasi. Kama kona iliyokatwa haikupaswa kukatwa, majaribio yangesema.

"Pacha, njoo," alisema akiinuka. "Hii siyo ya mteja. Hii ni ya Dada."

"Wewe nenda kanywe maji, uso umekukauka," Pacha akamjibu.

Mbichi akashuka, akanywa maji, akapiga soga kidogo na mwenye duka la vitambaa. Aliporudi, Pacha alikuwa ameshasimama, anajinyoosha.

"Safi."

Alasiri hiyo hiyo wakampelekea Dada. Akaandika maneno mawili matatu, na laptopu ikasema, kwa sauti yake mwenyewe, "Habari yako, mdogo wangu." Mbichi, mwanamume mzima na ndevu zake, machozi yakamtoka. Dada akaandika tena. "Acha kulia, unaniloweshea kibodi," ikasema ile sauti, na wote watatu wakacheka mpaka wakashika mbavu.

Pacha alipoondoka, Dada akaashiria kwamba anataka kulisikiliza somo lote la kesho, tangu mwanzo hadi mwisho. Mbichi akaifunika laptopu.

"Dada, pumzika. Imeshajaribiwa. Pacha ameijaribu."

Asubuhi kamati ilikaa nyuma ya darasa. Wanafunzi wakasimama. "Kaeni, wanangu," ikasema laptopu, na msichana mmoja wa mbele akaziba mdomo kwa mikono miwili, kwa sababu sauti ile aliijua. Dada alikuwa anang'aa. Akaleta sentensi ya kwanza ya somo, sentensi ndefu, ya kimwalimu hasa. Sauti ikaenda hadi katikati, ikageuka mkwaruzo wa bati, ikakatika. Programu ikajifunga yenyewe. Akaifungua upya. Ikafika pale pale, ikakwaruza, ikafa. Kuna aliyecheka, na wenzake wakamfinya. Dada, kwa mazoea tu, akafumbua kinywa chake mwenyewe ili aendelee. Hakikutoka kitu. Mbichi aliyaona yote haya akiwa dirishani, na alitamani ardhi ipasuke immeze.

Kamati ilishukuru ikaondoka. Mkuu wa shule alisema, "Pole sana, Mwalimu," na jambo likaishia hapo.

Mbichi akaichukua laptopu mpaka karakana. Kwa mara ya kwanza tangu wafungue chumba kile, akakaa kuendesha majaribio yeye mwenyewe. Hayakuchukua muda kuanza kumjibu. Sentensi fupi: imepita. Sentensi ndefu: imeshindwa. Aya nzima: imeshindwa. Mtoto angeiona. Asiyejua kompyuta angeiona, ilimradi awe ameketi pale na kutazama.

Pacha akaingia, anapiga mluzi.

"Majaribio ya programu ya Dada uliyaendesha?" Mbichi akamuuliza.

"Si nilikwambia safi?"

"Sijakuuliza ulisema nini. Nimeuliza ulifanya nini."

Mluzi ukaisha. Pacha akavuta kiti, akakaa. "Ndugu yangu, yale majaribio yanachukua saa nzima, na kila mara yalikuwa yanapita. Wewe hukosei. Nikaona napoteza muda."

"Uliona lini?"

"Zamani." Akainamisha kichwa. "Zamani kidogo."

"Miaka?"

"Nilikuamini, Mbichi. Kumwamini mtu nako ni dhambi?"

"Kazi yako ilikuwa moja tu," Mbichi akasema. "Kutoniamini."

Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga, nao hawakukosea. Adui angekuja na programu mbovu, Mbichi angeisoma mstari kwa mstari. Huyu alikuja na neno moja tamu, na kwa miaka mtu akalimeza bila kutafuna. Mimi nikimkumbuka Pacha naudhika mpaka leo. Wangekuwa wanagombana kila siku ingekuwa heri.

Mbichi aliijenga upya bila kukata kona yoyote. Akaijaribu mwenyewe, akarudia, yote yakapita. Ilijikokota kidogo, lakini haikufa. Akaipeleka shuleni.

Alimkuta Dada stoo, kati ya rafu za vitabu, simu mkononi.

"Dada, sasa ni nzima. Nimeijaribu kwa mikono yangu. Sikiliza."

Dada hakuigusa laptopu. Aliandika kwenye simu, nayo ikasema kwa sauti nyororo ya mwanamke asiyejulikana na yeyote mle ndani, ya programu ya tayari, ile ambayo kila mtu hubonyeza mara moja akaipata: "Karibu, mdogo wangu. Nina kazi kidogo."

"Lakini hiyo siyo sauti yako!"

Akaandika tena, bila haraka, bila kumtazama.

"Najua," ikasema simu. "Yangu uliniambia imeshajaribiwa."

Mlangoni alikuwa amesimama mwanafunzi anayetaka atlasi. Dada akampita mdogo wake, akaenda kumtafutia.