Mahali pa Mama Jezi Uwanjani

Timu nyingi za mji ule zilivaa kazi ya mkono wake. Za shule, za wauza sokoni, za mafundi wa gereji, hata ile ya wachinjaji ambayo haikuwahi kushinda mechi lakini ilipendeza kuliko zote. Ndiyo maana watu wakamwita Mama Jezi, ingawa hakuzaa. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye sauti ya kuita mtu aliye mtaa wa tatu, na alishona akiwa kwenye kiti cha magurudumu. Miguu ilimwacha utotoni baada ya homa. Kikanyagio cha cherehani alikifunga juu ya meza akawa anakibonyeza kwa kiwiko, na kwa kiwiko hicho alimlea na kumsomesha mdogo wake, kitinda mimba wa nyumba yao, mpaka akawa msanifu majengo.

Mpira aliupenda kwelikweli. Alijua mshambuliaji gani kaumia kifundo na beki gani kaanza kitambi, maana vipimo vya viuno alikuwa navyo yeye. Lakini mechi hakuwahi kuiona. Uwanja wa zamani ulikuwa na ngazi mlangoni, na ukizimaliza unakutana na nyingine. Kwa hiyo siku za mechi alikuwa anakaa nje ya ukuta pamoja na Mzee Breki, fundi viatu, ambaye kiti chake cha magurudumu kilikuwa hakina breki hata kidogo, akawa anakisimamisha kwa kupiga kelele, "Nipisheni!" Ndani pakilipuka shangwe, Mama Jezi alikuwa anapiga ukuta kwa kiganja na kuuliza nani kafunga. Mara nyingi walioko ndani walikuwa na shughuli kubwa kuliko kumjibu.

Halafu likatoka tangazo kwamba mji utajengewa uwanja mpya, na wasanifu walete michoro ishindanishwe. Mdogo wake akaja dukani na uwanja mzima mkononi, ameukatakata kwa maboksi na kuugandisha kwa gundi. Akasogeza vitambaa, akauweka juu ya meza ya kukatia.

"Haya dada, wewe utakaa hapa." Akagusa chini kabisa, kando ya mstari wa pembeni. "Karibu na wachezaji. Utasikia mpaka wanavyohema."

"Mbele yangu kuna nani?"

"Hakuna mtu. Benchi la wachezaji wa akiba tu, na walinzi wawili watatu."

"Na hao goli likifungwa, wanabaki wamekaa?"

Mdogo mtu akacheka. Wakati huohuo nahodha wa wachinjaji, jitu refu la miraba minne, akaingia kuchukua jezi. Mama Jezi akamnyooshea kidole. "Baba, hebu simama hapohapo mlangoni. Na wewe, chutama hapa kando yangu. Haya, niambie huko barabarani kunapita nini."

Msanifu akachutama. "Sioni kitu."

"Basi ndiyo mechi yangu hiyo uliyonichorea. Mgongo wa mchinjaji."

Nahodha akaomba radhi bila kujua kosa lake. Msanifu hakucheka tena. Akakaa chini sakafuni, akaomba mkasi, na jioni ile nzima wakakata maboksi, dada na mdogo wake. Wakatengeneza roshani pana katikati ya jukwaa kuu, imeinuliwa kiasi kwamba watu wa safu ya mbele wakisimama wote na kuinua mikono, vichwa vyao vinaishia chini ya macho ya mtu aliyekaa. Wakaweka lifti, na njia ya mteremko iwapo umeme utakatika. Mama Jezi akadai pia kila kiti cha magurudumu kiwe na kiti cha kawaida ubavuni. "Mtu anakuja mpirani na mume wake, na shoga yake. Msitupange peke yetu kama mizigo ya posta."

"Dada," mdogo wake akasema, "msanifu ni wewe. Mimi nashika penseli tu."

Maneno hayo yalimwingia. Alipoombwa aende mbele ya kamati ya ujenzi kuieleza ile roshani, alikwenda, akawasimulia habari ya ukuta na kiganja, na wajumbe wawili wakatoa vitambaa vya mkononi. Mchoro wa mdogo wake ukashinda. Picha ya Mama Jezi mwenyewe, anacheka, ikabandikwa kwenye bango kubwa penye geti la ujenzi, chini yake pameandikwa UWANJA WA KILA MTU.

Wakati wa ujenzi haikupita wiki mdogo wake asije kula kwake. Na kila mara dada mtu aliuliza, "Roshani yetu vipi?" Na kila mara alijibiwa, "Ipo, dada. Tulia."

Naye akatulia. Nyumbani kwake Jumamosi walikuwa wakikutana watu wa chama chao, wote wa viti na magongo, akawapa habari. Ipo. Kwa kitambaa kilichobaki akawashonea jezi za rangi ya machungwa, ili wakiwa kule juu mji mzima uwaone.

Siku ya ufunguzi walikwenda msafara. Geti lilikuwa pana. Mteremko ulikuwa laini, Mzee Breki akapanda na kushuka mara mbili kwa furaha. Vyoo, milango ilifunguka kwa nje na kiti kikageuka ndani. Mama Jezi alikuwa anamsifu mdogo wake kwa kila aliyepita. Ndipo kijana wa zamu, badala ya kuwapeleka kwenye lifti, akawaongoza kwenye ujia wa chini.

"Sisi ni wa juu, baba. Wa roshani."

"Roshani ni ya wageni waalikwa, mama. Watu wa viti ni huku."

Huku kulikuwa chini kabisa, kando ya mstari wa pembeni, nyuma ya benchi la akiba.

Mama Jezi akainua macho. Roshani ilikuwepo. Ilikuwa vilevile walivyoikata kwa mkasi, mpaka ule mpindo wa pembeni. Juu yake yamepangwa makochi na meza za vioo, na watu wamekaa na glasi mkononi. Mdogo wake alikuwa katikati yao, amevaa suti, anazungumza na mwenyekiti wa kamati. Mama Jezi akampungia mkono. Yule akamwona, kwamba alimwona hakuna ubishi, macho yaligongana. Kisha akatoa simu mfukoni na kuanza kuisoma.

Kwa muda mchezo ulikwenda kimya, na kwa kujipinda huku na huku waliambulia nusu ya kiwanja. Halafu goli. Benchi likanyanyuka, walinzi wakanyanyuka, wapiga picha wakakimbilia mbele, na chama kizima kikabaki kinatazama mikanda ya suruali na namba za jezi. Namba alizozishona mwenyewe.

"Afadhali kule ukutani," Mzee Breki akasema. "Kulikuwa na kivuli."

Hakuna aliyecheka. Mama mmoja wa magongo akamgeukia. "Mama Jezi, si ulituambia ipo?"

Mwanamke aliyekuwa na neno kwa kila mtu alikaa pale kwenye rangi yake ya machungwa kama mtu aliyevuliwa nguo.

Mdogo wake alikuja wiki ileile. Hakukaa.

"Dada, ilinibidi. Wadhamini walitaka sehemu nzuri, na nzuri ilikuwa ile. Kamati ikaniambia niwahamishe."

"Ilikwambia lini?"

"Unajua mambo haya yana—"

"Lini?"

Akatazama sakafu. "Kabla nguzo hazijasimama."

Mama Jezi akaweka mkasi mezani. Nguzo zilikuwa zimesimama mwaka uliopita. "Kwa hiyo muda wote huo unakula kwangu, nakuuliza, unaniambia ipo."

"Si ipo?" Lilimtoka kabla hajalipima.

"Ipo. Kweli. Hukusema ya nani." Sauti yake kubwa ilikuwa imeshuka mpaka ya kunong'ona. "Kamati ilikulazimisha, sawa, ningekuelewa. Mwenye nguvu mpishe. Lakini kuninyamazia mimi, hilo alikulazimisha nani?"

"Ungekwenda kule. Ungepiga kelele, wangeninyang'anya kazi."

"Na kelele zangu wangezisikia?"

Mdogo wake akainama, akaokota kipande cha kitambaa sakafuni.

"Ulijua wangezisikia. Ndiyo maana ukanipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, mpaka zege likakauka."

Msanifu akafuta uso. Akasema amemwombea nafasi. Yeye dada peke yake. Kule juu, mechi zote, hakuna atakayemgusa.

"Na Mzee Breki?"

"Dada, siwezi kupandisha chama kizima."

Ningependa kusema alikataa palepale. Hakukataa. Alimwambia atafikiri, akafikiri, na mechi iliyofuata alikwenda. Mtu aliyegonga ukuta miaka yote hiyo ana haki ya kuchungulia mara moja.

Akapandishwa kwa lifti. Kiwanja chote kikafunguka chini yake, kijani, na kwa mara ya kwanza akaona kwamba mpira si kukimbizana. Aliona mabeki wanavyosogea pamoja kama kitambaa kinachovutwa pembe moja. Goli lilipofungwa jukwaa zima lilisimama, mikono juu, na vichwa vyote vikaishia chini ya macho yake. Kipimo kilikuwa sawasawa. Hapo ndipo palipomuuma kuliko kote: mdogo wake hakukosea kitu. Alielewa kila alichoambiwa, akakijenga kwa ustadi, halafu akawapa wengine.

Mgeni wa kochi la pili akamsogelea na soda, akauliza kama yeye ndiye yule wa kwenye bango, na mpiga picha akawapiga picha wawili hao wakiwa wamekaa. Mama Jezi akatazama chini. Nyuma ya benchi la akiba kulikuwa na madoa machache ya rangi ya machungwa. Mzee Breki alikuwa amegeuza kiti chake, ameupa mpira mgongo, anatazama juu. Alipomwona akainua mkono kumsalimu, bila kinyongo chochote. Mama Jezi akaomba ashushwe, na mapumziko hayakumkuta kule juu.

"Kukoje?" Mzee Breki akamuuliza.

"Kunaonekana vizuri."

"Basi si haba. Mmoja wetu kaona."

Chama kilipokwenda kwa kamati kulalamika, mwenyekiti aliwapokea vizuri, akawakalisha, akawaonyesha picha. Mama Jezi kwenye roshani, na mgeni, na soda. "Mnasema tumewatupa," akasema, "mbona mwenzenu huyu hapa?" Watu wa chama wakamtazama mwenzao, na yeye akaitazama picha. Mdogo wake baadaye aliapa kwamba habari ya picha hakuijua. Huenda alisema kweli. Dada mtu alimsikiliza kama anavyosikiliza mteja anayeapa kwamba kaptula imebana kwa kuwa imefuliwa.

Aliloweza kulifanya alilifanya. Alikwenda getini mchana kweupe na nahodha wa wachinjaji, aliyebeba ngazi begani. Mlinzi akauliza wana kibali gani. Mama Jezi akanyoosha kidole juu. "Kibali ni ile sura. Ni yangu, naichukua." Nahodha akapanda, akabandua picha kwenye bango kipande kwa kipande, na mlinzi akaishia kumshikia ngazi. Geti likabaki na maandishi yasiyo na mtu.

Makochi yapo mpaka leo.

Sifa za msanifu zilipanda, akapewa uwanja wa mji mwingine. Akaja tena dukani na maboksi yake. Mama Jezi hakuondoa vitambaa mezani.

"Njoo Jumamosi, uwaulize chama kizima. Waambie wao kwanza ulichowafanyia, halafu uliza unachotaka."

Jumamosi hakutokea. Alikuja mwenzake wa ofisini, mwanamke mpole mwenye futi ya kupimia, ambaye hakujua lolote la yaliyopita. Alikaa kwenye kiti cha magurudumu kilichokuwa hakina mtu, akazungushwa uani, akazibiwa mbele na kila aliyeweza kusimama, akaandika mpaka jua likashuka. Hakutaja ahadi yoyote, nao hawakumwomba. Mzee Breki tu ndiye aliyemwambia, alipokuwa anaondoka, "Ukiujenga, mama, angalia na nani atakayekaa." Waliofika mji ule mwingine wanasema watu wa viti kule wanaona mpira. Mama Jezi hajakwenda kuhakikisha.

Mama Jezi hajamfukuza ndugu yake. Akija anakaribishwa, anapewa chakula, anaulizwa habari za watoto. Lakini akitamka jambo lolote, hata kwamba mvua imeanza kunyesha, dada yake hukigeuza kiti taratibu mpaka dirishani, akafunua pazia, akatazama mwenyewe.