Shahidi wa Njia ya Ruwi

Jumatano moja ya mwaka 1968, kabla ya adhuhuri, nilimpoteza shemegi yangu Suleiman, mume wa dada yangu Zuwena, kwenye njia ya vumbi itokayo Ruwi kwenda Matrah. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili. Mwanangu, nakuandikia haya kwa sababu umeitwa ukaeleze ajali uliyoiona kule Qurum, na mmoja wa madereva ni rafiki yako. Hukuniuliza useme nini. Umeniuliza tu kwa nini wanataka kukuhoji peke yako, kabla kesi yenyewe haijaanza. Hata mimi niliwahi kujiuliza hivyo.

Wakati ule magari ya Maskati yalikuwa machache sana, na watu tulitembea katikati ya njia bila ya wasiwasi. Sisi tulikuwa tumefika kutoka Unguja miaka minne nyuma, na Suleiman alikuwa akishona kanzu. Siku hiyo tulikuwa tukirudi na jora la kitambaa, kalibeba yeye begani. Ukanda wa ndara yangu ukakatika. Nikachutama pembeni kuufunga, yeye akaendelea mbele polepole. Kisha nikasikia kishindo. Nilipoinua kichwa, gari ya mfanyabiashara mmoja ilikuwa imesimama kombo, na kitambaa cheupe kimetandazika njiani.

Kwetu, unajua, kila anayekuja kuhani huuliza ilikuwaje, na aliyekuwepo hana budi kueleza. Nilieleza siku tatu, asubuhi na jioni. Na kila nilipoeleza, mtu alitia lake. Huyu kaambiwa gari ilikuwa ikienda mbio, yule kasikia dereva alikuwa akizungumza na mwenzake. Bibi mmoja jirani yetu akasema, hata honi hakupiga. Siku ya pili neno hilo lilikuwa limeshaingia kinywani mwangu, na siku ya tatu nilikuwa na hakika nalo kama jina langu. Sikukusudia kumdanganya mtu. Nilikuwa nikisimulia msiba, na watu walikuwa wakilia kila nikifika pale pale kwenye honi.

Haukutimia mwezi, tukaitwa kwa kadhi. Nilidhani tutakaa sote chumba kimoja, tuulizwe, kadhi akate shauri, twende zetu. Kumbe kwanza kila shahidi huchukuliwa maneno yake peke yake, yakaandikwa. Karani alikuwa mzee mwembamba aliyewahi kuishi Pemba, kwa hivyo alinihoji kwa Kiswahili akaandika kwa Kiarabu. Nikaanza kusimulia kama nilivyozoea. Akaweka kalamu chini.

"Nyinyi watu wa Unguja mnajua kusimulia," akasema. "Mimi nataka macho yako na masikio yako tu. Ya jirani yako ntamuuliza jirani yako."

Aliniuliza mambo niliyoyaona ya kipuuzi. Jua lilikuwa upande gani. Mikono yangu ilishika nini. Baina yangu na Suleiman palikuwa na hatua ngapi. Akaandika mpaka ukanda wa ndara. Kisha akauliza honi, nikasema haikupigwa, naye akaandika vile vile, bila ya kuinua uso. Alipomaliza alinisomea yote, sentensi moja moja, na kila moja akingoja niseme naam.

Nilimuuliza kwa nini kazi yote hii na kadhi mwenyewe hayupo. Akanieleza, wala hakuwa na haraka, kuwa maneno huchukuliwa mapema ili kila upande ujue shahidi wa mwenzake atasema nini, na ili shahidi mwenyewe asije kesho na khabari nyengine akaachwa bila ya kuulizwa. Nikiona nimekosea, akasema, mlango uko wazi mpaka hukumu itoke. Nikatia sahihi yangu.

Baadaye kadhi akatupa khiyari: tungoje kesi, au tuchague wasuluhishi. Kila upande utoe mtu mmoja, na hao wawili wamchague wa tatu. Lakini akaonya kuwa tukishakubali kukaa mbele yao, watakalokata hatutaweza kulikataa kwa kuwa halikutupendeza. Dada alikuwa na watoto wawili na hana mapato. Kosa likiwa la dereva, watoto watapata diya, fidia ya damu ya baba yao. Likiwa la Suleiman, hawana kitu. Akataka jambo liishe, akakubali. Sisi tukamtoa Sheikh Mbarak, mzee tuliyesali naye msikiti mmoja, tukawa tunamwita msuluhishi wetu.

Alasiri moja akaja nyumbani na maandishi ya mashahidi. Nyuma ya pazia alikuwako dada, aliyekuwa kwenye eda, anasikiliza.

"Khalfan," akasema, "hapa umesema honi haikupigwa. Dereva kasema aliipiga tangu kule mbali kwenye kona. Wewe ulikuwa umechutama, uso chini. Umejuaje?"

"Kila mtu anajua, sheikh."

"Sikuuliza kila mtu."

Nikaona ananigeuka. "Kwani wewe si wetu?"

"Nyinyi mmenichagua. Si kwamba mmeninunua. Haya, rudi pale ulipochutama, uniambie ulisikia nini."

Nikarudi pale. Na honi ilikuwepo, mwanangu. Kali, fupi, karibu mno. Niliisikia, na sikuinua kichwa, kwa kuwa fundo lilikuwa karibu kukaza. Sikumwita Suleiman. Katika siku zile tatu za kuhani, yule bibi aliposema hakukuwa na honi, nadhani nililipokea neno lake kwa sababu lilinipunguzia uzito. Nilimwambia sheikh hivyo hivyo. Nyuma ya pazia nikamsikia dada akiinuka na kwenda chumba cha ndani.

Wasuluhishi walikaa Matrah, nyumbani kwa yule wa tatu. Dereva alikaa mbele yangu, kijana wa umri wangu, hakunitazama. Nikasema kuwa nasahihisha maneno yangu: honi nimeisikia. Ndugu mmoja wa mwenye gari akacheka kidogo akasema, basi yamekwisha, tukale. Msuluhishi wa tatu akamnyamazisha kwa mkono. Akaagiza iletwe ndara, akanitaka nichutame pale pale juu ya mkeka, nifunge ukanda kama siku ile, na nionyeshe honi ilikuwa wapi na kishindo wapi.

Nikafunga. Nikasema "honi", na kabla sijavuta fundo nikasema "kishindo". Akanirejesha mara ya pili na ya tatu, ikawa vile vile: baina ya honi na kishindo hapakuwa na nafasi ya mtu kuruka pembeni. Kisha akamuuliza dereva kama hiyo ndiyo honi ya kwenye kona. Dereva akasema hakupiga nyengine.

Walikata kuwa diya ilipwe, ipunguzwe kwa kuwa marehemu naye alikuwa katikati ya njia. Pande zote mbili tulitoka hatukuridhika, na sote tulitii.

Basi mwanangu, utakapohojiwa, usimsaidie rafiki yako wala usimdhuru. Sema ulichokiona wewe, na palipokuwa na giza katika kumbukumbu yako sema pana giza. Usiisimulie ajali hiyo barazani kabla hujaenda, maana wasikilizaji watakutilia yao nawe hutajua. Yakisomwa maneno yako, sikiliza kama unasomewa ya mtu mwengine. Ukikosea, rudi usahihishe, hata kama kosa hilo linakugusa wewe mwenyewe. Na mkifika kwenye usuluhishi, msitafute mtu wa kuwapendelea, tafuteni anayejua kuuliza. Mwenyezi Mungu akuhifadhi njiani, auongoze ulimi wako, na akujaalie usilale na neno la uongo kifuani.

Dada hakusema nami mpaka eda ilipokwisha. Siku hiyo aliniita, nikamkuta kakaa peke yake kwenye busati.

"Na Suleiman aliisikia hiyo honi?" akaniuliza.

Nikamwambia, "Sijui, dada."

Akanitazama muda mrefu. Kisha akasogea upande mmoja wa busati, nikakaa.