Mbio za Paskalina

Laiti ningekataa siku baba aliposema mimi ndiye nitakayekwenda mazoezi ya mbio shuleni, na mdogo wangu Paskalina abaki na ndama. Mtoto mmoja ilikuwa lazima achunge. Nilikubali haraka, nikidhani baba ameona kasi yangu. Leo najua aliona tu kwamba mimi ni mvulana.

Juzi wasichana wawili walipita mbio kando ya shamba langu la maharage, nikaikumbuka alasiri ya siku ya tatu ya mazoezi. Nilikuwa nimejifunga kanga ya mama kiunoni kwa nguvu, maana niliamini bandama hupasuka mtu akikimbia. Kwenye mlima wa Maretadu mbavu zilinichoma, nikatapika maziwa vumbini. Nikasikia kengele ya ndama aliyetoroka. Paskalina alikuwa akimfukuza, peku, akanipita akicheka.

"Kaka, unahema kama ng'ombe anayezaa! Legeza hiyo kanga, upumue!"

Nililegeza, nikamfuata. Alimkamata ndama kabla sijafika nusu ya mlima.

Jioni baba aliuliza, "Mbio zinaendaje?"

Paskalina alinitazama, akingoja niseme ukweli, kwamba mwenye mbio ni yeye.

"Vizuri, baba," nikajibu.

Wiki iliyofuata niliacha, nikasingizia bandama. Baba akasema mbio haziifai nyumba yetu, basi, na Paskalina hakupelekwa kamwe.

Paskalina sasa ni bibi, anaishi Katesh. Nikimtembelea ananipa shikamoo na chai, halafu anarudi jikoni. Nilimnyima mbio zake, na kwa hilo nikampoteza mdogo wangu.